Kilo Zilizotangulia Kabuchai

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi, kabla magunia hayajaanza kuingia, Nakhumicha alipimwa uzito kwenye ghala moja la mahindi mjini Kitale. Mizani ya kliniki iliishia kilo mia moja na thelathini, na siku ya kwanza alipoikanyaga mshale ulikimbia hadi mwisho ukakwama hapo mpaka fundi akaitwa. Ndipo daktari akamwandikia barua karani wa ghala, Zachary Kagwe, kumwomba msaada. Kagwe hakuona ubaya. Alimsimamisha mama kwenye bamba la chuma, akasogeza vyuma vya mizani, akasoma mia moja hamsini na mbili. Kisha akatoa kilo moja.

"Hiyo ni ya gunia," alisema.

"Lakini sina gunia."

"Mama, hapa kila kitu kiko na gunia."

Akaandika mia moja hamsini na moja kwenye stakabadhi ile ile wanayopewa wakulima, na pale palipoulizwa unyevu akachora mstari. Ilikuwa Februari, mwaka wa 1989.

Kliniki yenyewe ilikuwa nyumba ya mabati nyuma ya kanisa. Daktari alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na wazo lililowachekesha wenzake, kwamba mtu mnene hatibiwi na mtu mmoja. Alitaka watu wanne wakae meza moja wamzungumzie mgonjwa akiwa hapo hapo, anawasikia. Yeye alichukua presha, sukari na moyo. Jepkoech, muuguzi, alichukua chakula. Kibiwott, aliyewahi kuwa mkimbiaji wa timu ya jeshi hadi goti lilipomkataa, alichukua mwendo. Na Bi Wakonyo, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alichukua maneno. Kazi ya Bi Wakonyo haikueleweka sana mwanzoni, hata na yeye mwenyewe.

Daktari alimuuliza Nakhumicha anataka nini. Wagonjwa wengine walikuwa wamesema wanataka kupungua. Yeye alisema anataka kupanda ngazi ishirini na tatu.

Ngazi hizo zilikuwa Bungoma, na habari yake ni hii. Huko Kabuchai alikoolewa, Nakhumicha alikuwa na ekari tatu za miwa. Marehemu mumewe aliziandikisha kwa jina la mkewe mwaka mmoja kabla ya kufa, na nusu ekari ya boma, penye nyumba na kaburi lake, akaiandikisha kwa hati nyingine, jina hilo hilo. Wanaume wa ukoo waliona kwamba ugonjwa ulikuwa umeshampanda kichwani. Baada ya mazishi Khaemba, mdogo wa marehemu, alimletea mjane kiti. Kilikuwa kiti kizuri cha mvule, chenye mikono, na kiliwekwa mlangoni pa nyumba.

"Kaa tu, mulamwa," Khaemba alimwambia, kwa neno lao la kuitana mashemeji. "Usisumbuke. Si tuko?"

Alipotaka kwenda kupalilia miwa, walimwambia akae tu. Alipotaka kwenda sokoni, walimwambia akae, ataletewa. Na kweli aliletewa. Chai ya maziwa yenye vijiko sita vya sukari, ugali, ndizi, kuku wakija wageni. Hakuna aliyemtukana hata siku moja. Alikaa miaka saba. Wageni walimsifu Khaemba, kwa sababu boma lenye mama mnene namna ile lilikuwa boma lisilojua njaa, na Khaemba alizipokea sifa kwa niaba yake.

Januari ya mwaka huo Khaemba alimpeleka mbele ya kamati ya mashamba, ili ekari tatu zihamishiwe jina lake yeye. Kamati ilikaa mara mbili tu kwa mwaka, kwenye ghorofa juu ya lililokuwa duka la pamba. Nakhumicha alipanda ngazi tano akaishiwa pumzi, akakaa chini. Wanaume waliokuwa na shughuli juu walimpita mmoja mmoja, wakiinua makoti yasimguse.

"Kaa tu hapo, mulamwa," Khaemba alisema. "Nitakusemea."

Lakini karani wa kamati, mtu mgumu, alisema sheria inamtaka mwenye shamba mbele ya meza. Akaulizwa kama meza inaweza kushuka. Akajibu kwamba meza haishuki. Shauri likaahirishwa hadi Septemba.

Pale kwenye ngazi ya tano Nakhumicha aligundua jambo lililomtisha kuliko magoti yake. Alijua kwamba kama angefika juu wakamuuliza, angesema ni sawa. Alikuwa ameyasema maneno hayo miaka saba bila kuyasikia. Wiki mbili baadaye aliwaambia nyumbani kwamba anaenda Kitale kutibiwa magoti, akakodi chumba mtaa wa Matisi. Khaemba alimpa baraka zote. Yeye pia alitaka mulamwa wake aweze kupanda ngazi.

Matibabu yalikuwa ya polepole na ya kuchosha. Jepkoech alimfanya aseme kila alichokula, kijiko kwa kijiko.

"Na usiniambie ati kidogo," alionya. "Kidogo ni ngapi? Sukari nani anakuwekea?"

"Walikuwa wananiwekea."

"Sasa utajiwekea mwenyewe. Tuone kama mkono wako utafika sita."

Mkono ulifika viwili ukaona aibu. Kibiwott alimtembeza hadi kwenye lango na kurudi, kisha hadi kwenye ghala, kisha hadi Matisi. Mlangoni pa kliniki aliweka tofali moja pana la saruji, akamfundisha kulipanda na kulishuka, mara kumi, mara ishirini. Goti la kushoto ndilo lililokuwa bovu.

"Kupanda, mguu mzuri kwanza," alisema. "Kushuka, mgonjwa kwanza. Ukisahau, goti lenyewe litakukumbusha."

Bi Wakonyo yeye alimwekea kiti. Alisema, "Mama, kaa," na Nakhumicha akakaa, na Bi Wakonyo akaandika kitu kwenye daftari. Walifanya hivyo kila Alhamisi. Ya nne ilipofika Nakhumicha alibaki amesimama, jasho likimtoka kwenye mdomo wa juu, kisha akasema hapana. Ilikuwa hapana ndogo sana. Bi Wakonyo alimwomba airudie, kwa kuwa yeye ana sikio moja zima.

Kilo nne za kwanza zilimtoka wiki ya pili. Kagwe alizithibitisha kwenye mizani Alhamisi asubuhi, na Ijumaa jioni, wakati wa chai, zilifika Kabuchai.

Mke wa Khaemba ndiye aliyezikuta. Zilikuwa zimekaa kwenye kiti cha mvule, ukubwa wa kuku anayeatamia, na zilikuwa na joto. Alimwita mumewe. Khaemba aliziangalia akasema ni za mulamwa, zisogezewe chai. Watu wa Kabuchai walizoea kutumiwa vitu kutoka Kitale, mbegu, unga, mablanketi ya mitumba. Wiki iliyofuata zilifika nyingine tatu, zikajisogeza zikashikana na zile za kwanza.

Nakhumicha alizikuta Pasaka alipokwenda kuwaona. Siku hiyo alikuwa na furaha, kwa sababu alikuwa ametembea kutoka barabarani hadi bomani bila kusimama, na kwa sababu sasa alilala akiwa amelala, si ameegemea mito kama mgonjwa wa kifua. Akaingia uani akaona kiti chake kina mtu. Hakuwa mtu kamili. Alikuwa kama kondoo kwa ukubwa, mapaja na kiuno na kipande cha tumbo, amefunikwa kwa leso yake ya zamani. Alilitambua kovu lake la moto la mkono wa kushoto, ingawa mkono wenyewe ulikuwa bado haujafika.

"Zimefika zote salama," Khaemba alimwambia. "Asante kwa kukumbuka nyumbani."

"Hizo ni zangu."

"Si ndiyo nasema? Ni zako. Tunakutunzia."

Kisha, mbele ya watu wote, akainama karibu na kiti akauliza kwa upole, "Mulamwa, unaonaje? Shamba la miwa likiwa jina langu?"

"Ni sawa," kilo zilisema.

Sauti ilikuwa yake, Nakhumicha. Mke wa Khaemba aliongeza sukari kwenye kikombe, akakoroga, akakisogeza. Nakhumicha aliuona mwezi wa Septemba wote kama umeshapita.

Alhamisi iliyofuata aliwaeleza wale wanne. Kila mmoja akasema kwa upande wake. Daktari alisema vitabu vinaeleza kwamba mafuta huungua mwilini, na kwamba yeye hakuwahi kufikiria kuuliza yakitoka yanaenda wapi. Presha ya mama, aliongeza, ilikuwa nzuri kuliko ya daktari mwenyewe. Jepkoech alisema waache mara moja.

"Kila kilo tunatoa hapa ni kilo tunawapelekea kule," alisema. "Tunamtengenezea Khaemba shahidi, bana."

"Mkiacha leo, atapanda ngazi kumi," Kibiwott alisema. "Nimehesabu. Kumi si ishirini na tatu."

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na hakuna aliyejifanya haioni. Akiacha kupungua, hatafika juu. Akiendelea, atakayemngoja juu atakuwa amekamilika.

Bi Wakonyo alivua miwani. "Hizo kilo zinasema nini?"

"Ni sawa. Hazijui kitu kingine."

"Na wewe?"

Nakhumicha alisimama. Alikuwa na hasira, hasira safi ya mchana ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu mumewe afe, na ilimfurahisha kwamba bado anayo. "Hapana," alisema. Safari hii hata Kibiwott aliyekuwa dirishani aligeuka.

Basi wakaendelea. Kilo zilitoka, zikaenda. Mei mikono ilifika, na kovu likakaa mahali pake. Juni Nakhumicha alifunga kamba za viatu vyake mwenyewe, akafua, akachota maji bombani bila kupumzika njiani. Alasiri moja alilia saa nzima kwa ajili ya mumewe, miaka saba kwa kuchelewa, na Bi Wakonyo akaandika "vizuri" kwenye daftari.

Julai watu walianza kumwogopa. Mwaka ule mtu hakukonda bure. Majirani wa Matisi walikuja kumwambia pole, wakakataa chai, na mmoja akarudisha kikombe alichoazima hata kabla hajakitumia. Habari zilishuka hadi Kabuchai kwamba Nakhumicha ana ule ugonjwa, na kwamba ni huruma, lakini kwa bahati nzuri yule mwingine aliyeko nyumbani ana afya. Jambo hilo lilimuuma sana. Alikuwa hajawahi kuwa mzima kiasi kile, na hakuna aliyempongeza isipokuwa watu wanne na karani wa mahindi.

Agosti ulifika uso. Kilo arobaini na nane hazikutosha kumfanya mama wa awali, lakini Khaemba hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Mke wake aliongezewa kazi ya kupika mara tano kwa siku. Mwisho wa mwezi yule wa kwenye kiti alikuwa amefika uzito ule ule wa zamani, akashonewa gauni kwa vipimo vya zamani ambavyo fundi bado alikuwa navyo.

Siku ya kamati Nakhumicha alikuwa na kilo mia moja na tatu, ya gunia imeshatolewa. Alifika Bungoma peke yake. Alipanda mguu mzuri kwanza. Kwenye ngazi ya tano alisimama, si kwa sababu ya pumzi, akaigusa kwa mkono. Kisha akaendelea. Kwenye ya ishirini na tatu moyo ulikuwa unapiga kama moyo wa mtu aliyepanda ngazi, basi. Alitamani Kibiwott angekuwepo aone.

Akaingia. Wazee watano walikuwa nyuma ya meza, na mbele ya meza, kwenye kiti cha mvule, alikuwa amekaa yule mwingine. Wanaume wanne walikuwa wamempandisha na kiti chake asubuhi ile. Nakhumicha aliwatambua wote wanne. Januari walikuwa miongoni mwa waliompita.

"Mimi ndiye Nakhumicha," alisema. "Shamba ni langu, na sikubali."

Mwenyekiti alifungua faili akatazama picha. Akamtazama mwanamke wa kwenye kiti, akatazama picha tena. "Mama wa hapa ni huyu," alisema. "Wewe ni nani?"

"Ni dada yake wa Kitale," Khaemba alisema kwa huruma. "Ni mgonjwa. Msimkasirikie."

Mwenyekiti alirudisha kiti chake nyuma kidogo. Karani, yule mgumu, alisema sheria inaruhusu vidole gumba vilinganishwe. Wino ukaletwa. Wote wawili walibonyeza. Karani alichukua muda mrefu na kioo cha kukuzia.

"Mistari ni ile ile kwa wote wawili," alitangaza. "Ila cha huyu ni kidogo. Alama ya kwenye hati ni kubwa."

"Ukubwa ndio unaoonekana," mwenyekiti alisema, na wazee wakakubaliana naye.

"Hapana," Nakhumicha alisema. Aliisema kwa sauti aliyofundishwa, amesimama, mikono imeshuka. Akairudia mara mbili. Chini barabarani mwuza mahindi ya kuchoma aliinua kichwa. Karani aliandika kwenye kumbukumbu: mgeni mmoja alipinga.

Kisha mwenyekiti akamgeukia yule wa kwenye kiti. "Mama, unakubali ekari tatu zihamie kwa Khaemba?"

Yule mwanamke alimtazama Nakhumicha. Kwa muda mfupi mdomo wake ulisogea kana kwamba unatafuta mahali pa kuanzia. "Ni sawa," alisema.

Muhuri ukapigwa. Khaemba aliwashukuru wazee, wazee wakafunga faili, na wanaume wakashuka wakicheka kwenda kula nyama. Nakhumicha naye alianza kushuka. Alikuwa kwenye ngazi ya tatu kutoka juu aliposikia pumzi nyuma yake, ile pumzi nzito yenye filimbi ndani, ambayo aliijua kwa sababu aliivuta miaka saba. Alirudi. Chumba kilikuwa kitupu isipokuwa kiti na mwenye kiti. Hakuna aliyekumbuka kwamba aliyepandishwa lazima ashushwe.

Angeweza kumwacha. Alisimama mlangoni akifikiria hivyo, na hakuona haya kufikiria.

"Goti linauma?" aliuliza mwishowe.

"Kaa tu, usisumbuke," yule mwingine alisema.

"Sikai. Nipe mkono. Kushuka, mgonjwa kwanza. Wa kushoto. Hapo. Sasa mzuri."

Walishuka ngazi ishirini na tatu kwa muda wa saa moja na dakika kumi. Kwenye ya tano kutoka chini walipumzika, na watu waliokuwa wanapanda wakawapita.

Alhamisi iliyofuata walikuja wawili kwenye ghala. Kagwe aliwatazama, akampima mgeni, akasoma mia moja hamsini na mbili, akatoa kilo moja ya gunia, akaandika. Kliniki walimfungulia faili jipya kwa jina lile lile na tarakimu ya 2 mbele yake. Daktari alimpima presha akatikisa kichwa. Jepkoech alimuuliza nani anamwekea sukari. Kibiwott alilisogeza tofali. Bi Wakonyo alimwekea kiti, akamwambia akae, akafungua daftari kusubiri, na Nakhumicha akasimama pembeni akiushikilia ukuta, kwa sababu alijua ni Alhamisi ngapi zilikuwa mbele.

Wiki ya pili mgeni alikuwa amepungua kilo tatu.

Kule Kabuchai miwa ya ekari tatu ilikuwa inakatwa. Khaemba alikuwa ametuma watu wakirudishe kiti kutoka Bungoma, akakipangusa vumbi, akakiweka mahali pake mlangoni. Ilibaki ile nusu ekari, yenye nyumba na kaburi, na kamati ingekaa tena Januari. Ijumaa jioni, wakati wa chai, mke wake alikoroga vijiko sita kwenye kikombe, akakisogeza karibu na kiti.